Zuio la saa tisa

Ganza mwanangu,

Umetoka kwenda Biryogo kuchukua suruali zako kwa fundi, na jinsi ninavyokujua utawapitia marafiki, mtakula brosheti za nyama, utarudi jua likizama. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa kwenye meza yako, nimesogeza nyaya zako zote pembeni, na tayari nimesimama mara tatu: mara ya kwanza kufunga dirisha, ya pili kulifungua, ya tatu kuangalia kama pasipoti imo kwenye mfuko wa begi. Imo. Sitasema tena habari za pasipoti, wala chandarua, wala joto la Dar es Salaam. Hayo umeyasikia mpaka umeanza kuyasema mwenyewe kwa sauti yangu ukimchekesha baba yako. Nilikuwa koridoni, niliwasikia.

Nataka kukuambia kwa nini niliondoka mezani Jumapili.

Ulikuwa unatusimulia ile kazi waliyokupa huko Dar kama jaribio, kabla hujaripoti. Mfumo wao wa hospitali unajikokota kwa sababu kila mtu anapofungua faili la mgonjwa, mfumo unakwenda kuuliza upya kama mtu huyo ana ruhusa. Ukasema wewe umemaliza mchezo: jibu likishapatikana mara moja, seva inalikariri kwa saa ishirini na nne, haiulizi tena. Ukasema sasa ukurasa unafunguka kabla hujaondoa kidole. Baba yako akapiga makofi. Mimi nikanyanyuka na sahani yangu ina nusu ya ndizi, nikaenda jikoni, na uliponifuata nikasema tumbo linaniuma.

Baadaye ulimwambia baba yako kwamba mama hapendi kupitwa. Hilo nalo nililisikia, nyumba hii ina kuta nyembamba na nyinyi wawili hamjui kunong'ona. Liliniuma siku nzima. Liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo, hebu niseme hivyo, lakini siyo lililonitoa mezani. Kilichonitoa ni kwamba ulichokuwa unakisimulia nilikifanya mimi, hatua kwa hatua, ulipokuwa darasa la pili, na nikapigiwa makofi vilevile.

Tulikuwa watu wanne kwenye kampuni, mwanamke ni mimi peke yangu. Tulitengeneza mfumo wa mafaili ya wagonjwa kwa kliniki moja ya watu binafsi hapa mjini. Jina lake halikusaidii kitu. Kliniki ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na sheria nzuri niliyoipenda: kila faili lilikuwa na orodha yake, nani anaruhusiwa kulisoma na nani amezuiwa, na zuio lilishinda ruhusa. Mfanyakazi wa mapokezi aliruhusiwa kuona mafaili yote kwa sababu ya kazi yake, lakini mgonjwa aliweza kusema, fulani asione langu, na fulani akawekewa zuio. Kigali unaijua. Ukikohoa Remera, shangazi yako wa Nyamirambo anakupigia kukupa pole. Sheria ile ilikuwa na maana hapa kuliko mahali pengi.

Tatizo likawa asubuhi. Watu wanajaa, mapokezi wanafungua orodha ya wagonjwa hamsini, na mfumo wangu kwa kila jina unakwenda hifadhidata na maswali manne: wewe ni nani, uko kundi gani, kundi lako linaruhusiwa, na je kuna zuio juu yako? Halafu jina linalofuata, tena manne. Skrini inaganda, wagonjwa wanalalamika, mganga mkuu ananipigia simu mimi. Siku moja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba wakati wa daftari la karatasi hawakuwa wanasubiri. Nilirudi nyumbani nimevimba.

Wiki hiyo hiyo nikafanya ulichofanya wewe. Jibu likishakuwa ndiyo, seva ilikariri, mpaka usiku wa manane liondoke lenyewe. Jumatatu mapokezi walinipigia kunishukuru. Mganga mkuu alinunua keki, nikaikata mimi, na nilileta kipande nyumbani ukakila wewe chote. Sikuwahi kujisikia mjanja kama siku ile. Nakwambia hivi ili ujue kwamba sikuwa nimelala kazini. Nilikuwa macho, na nimefurahi.

Ngoja, chai inachemka.

Nimerudi. Pale kliniki alikuwepo muuguzi anaitwa Beata, ambaye pia alikuwa anatibiwa palepale. Alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Daktari alimshauri apumzike, naye akaamua kuweka kijiti cha uzazi wa mpango, huku wakwe zake wanahesabu miezi wakisubiri mtoto. Mume wake hakuwa ameambiwa bado. Beata alitaka kumwambia mwenyewe, kwa wakati wake, kwa maneno yake. Lakini shemeji yake, mdogo wa mume, Claver, alikuwa anafanya kazi mapokezi. Basi kabla ya kuingia kwa daktari siku hiyo, Beata alikwenda kwa mtunza kumbukumbu akaomba Claver azuiwe kwenye faili lake.

Mtunza kumbukumbu huyo alikuwa Domitila.

Ndiyo, tantine Domitila wako wa butike, wa lile duka la mtaa wa pili. Nitafika huko.

Domitila aliweka zuio saa tisa kamili alasiri. Skrini yake ikamwonyesha neno Amezuiwa, na chini yake jina la Claver. Akamwambia Beata tayari, hawezi kuona. Na alisema kweli kwa jinsi alivyoona, maana hifadhidata ilikuwa imeshaandika. Isipokuwa Claver alikuwa ameshafungua orodha asubuhi, seva ilikuwa imeshakariri kwamba anaruhusiwa, na mimi nilikuwa nimeiambia isiulize tena mpaka usiku wa manane. Beata akaingia kwa daktari akiwa na amani. Daktari akaandika kila kitu. Saa kumi na dakika kumi Claver akafungua faili la shemeji yake na mfumo wangu ukamfungulia haraka sana.

Kabla ya wiki kuisha ukoo mzima ulijua. Kikaitwa kikao, Beata akakalishwa katikati, akaulizwa na wazee wa mume kwa nini anawakatia kizazi. Alirudi kwa mama yake Masaka, pembeni mwa Kigali, na mfuko mmoja. Mume hakumfuata. Claver alipoulizwa na kliniki alikataa katakata, akasema yeye alisikia kwa mwanamke wa kumbukumbu, na Beata akaamini, kwa sababu ukimtoa daktari, aliyejua ni Domitila peke yake. Walikuwa marafiki wale. Walikuwa wanakula mchana pamoja kwenye bakuli moja.

Mimi nilijua siku ya tatu. Niliposikia minong'ono nilikwenda kusoma rekodi za mfumo, mstari kwa mstari. Zuio, saa tisa kamili. Kufunguliwa kwa faili, saa kumi na dakika kumi, Claver. Nilisoma mara nyingi nikitafuta njia ya kuusoma mstari huo vingine. Haikuwepo.

Nikafuta ule ukariri, nikasukuma toleo jipya, na kwenye maelezo ya mabadiliko nikaandika maneno mawili: kuboresha kasi. Ganza, nimeandika maelfu ya maelezo kama hayo maishani, na hayo mawili ndiyo ninayoyakumbuka.

Siku ya tano niliitwa kwenye ofisi ya mganga mkuu. Domitila alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Mganga mkuu akaniuliza kama mfumo ulimzuia Claver. Nikajibu hivi: "Mfumo unaonyesha zuio liliwekwa saa tisa." Akasema asante, akageuka kwa Domitila. Nilikuwa nimejibu kweli tupu na nilikuwa nimedanganya, vyote kwa sentensi moja. Domitila aliniangalia kama anayesubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Jioni ile aliandika barua ya kuacha kazi, yaani aliandikishwa.

Umeshafikia mahali pa kuniuliza kwa nini. Ningeweza kukuambia tulikuwa tumehamia hapa Batsinda juzi tu, wewe umeanza shule, kampuni ingevunjika, na mwanamke peke yake katika kazi ile hakusamehewa kosa. Hayo yote yalikuwepo. Lakini nilikuwa naogopa zaidi kuonekana mjinga. Nilikuwa nimenunuliwa keki. Sikutaka waseme kumbe kasi yake ilikuwa hii. Ni jambo dogo la aibu na ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Miaka miwili baadaye Domitila akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili kutoka hapa, akafungua butike. Sasa unaelewa kwa nini anayetumwa chumvi ni wewe, sabuni ni wewe, hata usiku wa mtihani wako wa sekondari niliokutoa kwenye vitabu ukanunue kiberiti. Uliwahi kuniuliza kama tumegombana. Nilikujibu kwamba mtoto asiyependa kutumwa hupata visingizio. Samahani kwa hilo. Anakupenda, anakuongezea pipi, na kila uliporudi na pipi nilikuwa nakwenda chumbani.

Baba yako hajui. Nitamwambia leo akirudi kutoka kazini, kabla hajakaa.

Sasa nikuambie ambacho ningekwambia Jumapili kama ningekuwa mama mwenye akili badala ya mama mwenye tumbo. Kasi yako ni ya kweli, sikatai. Lakini nilipokuja kutulia na kupima vizuri, niligundua kwamba ruhusa hazikuwa zimechelewesha mfumo wangu hata kidogo. Kilichouchelewesha ni kuuliza moja moja. Ni kama vile ningekutuma kwa Domitila ulete chumvi, urudi, nikutume sabuni, urudi, nikutume mafuta. Ungechoka, na ningesema tatizo ni chumvi. Nilipoandika upya, swali likawa moja: niletee wagonjwa ambao mtu huyu anaruhusiwa kuwaona, ukishawatoa aliozuiliwa. Hifadhidata inajua kufanya hivyo yenyewe ukiipangia faharasa zake vizuri. Mapokezi hawakuona tofauti na ile siku ya keki. Siku moja ya kazi, Ganza. Ilinichukua siku moja.

Na kama bado unahitaji kukariri, kariri. Mimi si mzee wa kuogopa kumbukumbu ya seva. Ila kila orodha ya ruhusa ipe namba yake, na mtu akiigusa, namba ibadilike, ili jibu lolote lililokaririwa chini ya namba ya zamani life hapohapo. Utaniambia basi itabidi kuuliza namba kila mara. Uliza. Ni swali dogo, halimchoshi mtu. Usiliache jibu lisubiri saa ifike ndipo life. Mwanamke anapoomba afungiwe mlango, hakuombi umfungie kesho.

Na neno lile la kwenye skrini, Amezuiwa. Lisitokee mpaka liwe kweli kila mahali. Domitila alimwambia rafiki yake tayari kwa sababu mimi nilimwambia tayari.

Jumatatu utakapoingia ofisini waambie ulichokosea katika lile jaribio. Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, mapema, kabla ya keki. Najua unataka wakuone hodari siku ya kwanza. Mimi nilitaka hivyohivyo na...

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka getini nikarudi. Ninakuandikia wewe, ambaye sikukukosea kwa jambo hili ila kwa kukutuma kiberiti, na mtaa wa pili kuna mtu ninayeijua ratiba yake ya kufungua na kufunga butike kuliko ninavyojua ya kwangu. Barua hii nzima nimeiandika kwa anwani isiyo yake. Ngoja. Naacha kalamu hapa.

Nimerudi. Ni saa kumi na moja na robo.

Aliponiona mlangoni aliangalia nyuma yangu akikutafuta wewe. Akaniuliza, "Mama Ganza, none se, kumbe leo umekuja mwenyewe? Mtoto iko wapi?" Nikamwambia nimekuja kumwona yeye. Alikuwa anampimia mteja mchele, akamaliza taratibu, akamfungia, akamsubiri atoke. Halafu nikasema. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema kwa mpangilio na nikasema hovyo, nikaanzia saa kumi na dakika kumi, nikarudi saa tisa, nikaingiza keki. Alinielewa kabla sijafika nusu. Alifunga mlango wa butike mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, akakaa juu ya kreti la soda.

Nilikuwa nimetegemea atanifukuza. Nadhani hata nilitamani. Aliniuliza tu, "Weye ulijua lini?"

Nikasema siku ya tatu.

"Na ofisini, kwa mganga mkuu, ulikuwa unajua."

Nikasema nilikuwa najua.

Watu wawili waligonga mlango wakaondoka. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hii halikunipitia akilini, na mimi najidai kuwa nilifikiria kila kitu. Nilikuwa nadhani anaishi akijua hana kosa na dunia imemwonea. Nilimhurumia hivyo, kwa mbali, kutokea chumbani. Akasema, "Mimi ile siku nilichelewa kwenda kula. Nilikuwa nawaza labda niliacha kompyuta wazi, Claver akapita akasoma. Miaka yote nawaza ni mimi. Nilimwambia hata padiri, nikatubu. Nimetubu kitu sikufanya, Mama Ganza."

Nililia. Yeye hakulia. Nilitaka kumshika mkono, akautoa, si kwa hasira, akauweka tu mahali pengine. Nikamwambia naomba msamaha, na kwa masikio yangu mwenyewe nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo jepesi. Alisema tu kwamba amechoka, halafu akauliza kama Beata anajua. Nikasema hapana. Akauliza kama yuko Masaka bado. Nikasema nimesikia yuko huko na mama yake, wanalima bustani ya mboga. Hiyo nilikuwa nimeijua tangu zamani vilevile. Ninajua kila kitu cha watu hawa wawili, ndivyo nilivyoishi.

Basi amepanga yeye. Akisema tunafanya hivi, sina haki ya kusema vingine. Kesho asubuhi nitakusindikiza stendi ya Nyabugogo, nitakushika kichwa mbele za watu na hutanizuia, na basi lako likishaondoka sitarudi nyumbani. Domitila atakuwa ananisubiri palepale. Tutachukua moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka Masaka. Aliniambia hivi akiwa ameshafungua tena mlango na wateja wanaingia: "Mimi ndio nitaingia kwanza. Yule ni rafiki yangu. Weye utabaki inje mpaka nikuite."

Nikamwambia sawa.

Geti limelia, nadhani ni wewe, unacheka na mtu barabarani. Nitaiweka barua hii katikati ya suruali zako mpya, uisome ukishavuka mpaka wa Rusumo, siyo kabla, maana ukiisoma kabla utashuka. Nakupenda, Ganza, na najivunia kila kitu chako pamoja na ile kasi. Ukifika nitumie ujumbe mfupi tu kwamba umefika. Usinipigie kuniuliza ya Masaka mpaka nikupigie mimi, kwa sababu inawezekana ukanipata bado nimesimama pale nje, na bado sijaitwa.

Mama